Refa, angalia nani kasogea

Kona inakwenda kupigwa. Kamera iko kwa mpigaji, mashabiki macho yote kwa mpigaji, hata kocha kwenye benchi anamtazama huyohuyo. Kumbe mechi yenyewe inachezwa kwingine, pale mbele ya goli. Jamaa mmoja mrefu kaupa mpira mgongo, uso wake uko kwa kipa, wala hana habari na kona inatokea upande gani. Mwenzake anakatiza mbele ya beki aliyepewa kazi ya kumlinda mfungaji. Mpira unapigwa, kipa anataka kutoka, anakutana na kifua. Beki anataka kuruka, anakutana na bega. Mfungaji anapanda peke yake kama yuko mazoezini. Goli.

Kibanda umiza kinagawanyika hapohapo. Wa upande huu wanasema kipa mlaini, goli lake mwenyewe analiogopa. Wa upande ule wanapiga kelele kazuiwa, kazuiwa! Marudio yanaonyeshwa mara nne na bado ubishi uko palepale, kwa sababu wote wanatafuta kitu kimoja: nani kaangushwa? Hakuna aliyeanguka. Refa naye alitafuta hichohicho, hakukiona, akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja.

Ugonjwa uko hapo. Waamuzi wamezoea kumtafuta anayeanguka, na kosa la kumzuia mpinzani njia halimwangushi mtu. Linamnyima hatua mbili tu. Kwenye boksi dogo hatua mbili ndizo mechi.

Sheria yenyewe si ngeni. Iliingia kwenye vitabu mwaka 1951, na wazee waliocheza enzi za viatu vya meno ya ngozi wanaijua kwa jina la obstraksheni. Leo iko kwenye Sheria ya 12, na maneno yake ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mchezaji anafanya kosa akisogea kuingia kwenye njia ya mpinzani ili kumkinga, kumpunguzia mwendo au kumlazimisha abadili uelekeo, wakati mpira hauko kwenye umbali wa kuchezwa na yeyote kati yao. Kama hawakugusana, faulo si ya moja kwa moja. Kama waligusana, faulo ni ya moja kwa moja, na ikiwa beki kafanya hivyo ndani ya kumi na nane yake, ni penalti. Hilo la kugusana liliwekwa wazi kabisa mwaka 2016, kwa hiyo hakuna refa wa leo wa kusema hakuambiwa.

Halafu sheria inaongeza jambo ambalo lingebandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo: kila mchezaji ana haki ya mahali alipo. Kuwa kwenye njia ya mtu na kuingia kwenye njia ya mtu ni vitu viwili tofauti. Ukisimama mahali pako mimi nikakufuata nikakuvaa, kosa ni la aliyevaa. Ukiondoka mahali pako uje unikate njia wakati mpira uko kwa mwingine, kosa ni lako, hata kama mikono umeiweka nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo refa ana maswali mawili tu ya kujiuliza. Nani kasogea? Na mpira ulikuwa wapi? Haulizwi kama kulikuwa na nia mbaya. Zamani sheria ilizungumzia kuzuia kwa makusudi, na waamuzi wa wakati huo walilazimika kusoma mioyo ya watu. Neno hilo halimo tena. Haulizwi pia kama kipa alipiga kelele au kama beki alijirusha. Aliyezuiwa kweli mara nyingi hata kujirusha hawezi, amebanwa amesimama wima.

Watu wakisikia habari hii wanakimbilia kwenye kona, lakini tabia hii inalelewa kwenye sehemu mbili nyingine za uwanja, na huko refa anakubaliana nayo kila wiki bila hata kukunja uso.

Ya kwanza ni ule mpira mrefu unaokwenda kutoka nje. Winga kapigiwa pasi ndefu kidogo, mpira unabingirika kuelekea mstari wa goli, beki yuko mbele yake. Beki hataki mpira. Anapanua mikono kama kuku anayefunika vifaranga, anatoa makalio nje, anarudi kinyumenyume kumfuata winga kulia na kushoto, mpira uko mita mbili, tatu mbele yake, unajiendea zake. Ukitoka, goli kiki, beki anapongezwa kwa uzoefu. Uzoefu gani? Sheria inaruhusu kuukinga mpira, ndiyo, lakini kwa sharti: mpira uwe kwenye umbali ambao ukinyoosha mguu unaugusa, na usimzuie mwenzako kwa mikono wala mwili. Umbali ukishazidi hapo, huyo hakingi mpira tena. Anamkinga mtu. Na hata pale mpira ukiwa karibu, winga ana haki ya kumsukuma beki bega kwa bega kihalali. Kinachotokea viwanjani ni kinyume: winga akigusa tu mgongo, beki analala, faulo inapewa aliyezuia.

Ya pili ni moja-mbili. Kiungo mdogo anatoa pasi, anakimbia kupokea ya kurudishiwa. Beki wa kati, ambaye ameshaachwa, anachukua hatua moja tu ya pembeni na kumwekea bega. Si rafu ya kutisha, hakuna damu, hakuna mguu uliopigwa. Kiungo anapunguza mwendo, pasi inapita, shambulizi limekufa. Refa anaonyesha ishara ya endelea. Yupo karibu, ameona, lakini kwake huo ni mpira wa wanaume. Kijana mwenye mbio akifanyiwa hivyo mara kumi kwa mechi anajifunza somo moja: usitoe pasi ukakimbia, kaa nayo hadi ugongwe. Makocha wanalalamika kwamba wachezaji wa siku hizi hawachezi mpira wa kupasiana. Wataucheza vipi wakati anayekimbia bila mpira hana ulinzi wowote?

Kuna mchezo ambao umelitatua suala hili vizuri, na mashabiki wengi wa soka hapa hawaujui sana: softiboli, na kaka yake besiboli. Huko mshambuliaji hana mpira kabisa. Kazi yake akishaupiga ni kukimbia kutoka kituo hadi kituo, na wapinzani wanahangaika kuurudisha mpira wamtoe kabla hajafika. Kwa hiyo mtu akimkatiza njia mkimbiaji, ameua mchezo wote. Sheria yao inasema mlinzi asiye na mpira mkononi, na ambaye hayuko kwenye kuudaka mpira uliotoka kupigwa, hana ruhusa ya kumzuia mkimbiaji. Nia haiulizwi. Mwamuzi wa softiboli akiona kuzuia, hapigi kelele za kusimamisha mchezo. Ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefungwa, na anaacha mchezo uendelee hadi mwisho. Kisha anajiuliza: asingezuiwa, angefika kituo gani? Anampeleka huko. Na kwenye kile kipande cha njia alichozuiwa, mkimbiaji huyo analindwa, hata akiguswa na mpira hatolewi.

Dunia iliona ukali wa sheria hiyo Oktoba 26, 2013, mechi ya tatu ya fainali ya besiboli ya Marekani, St. Louis Cardinals na Boston Red Sox. Matokeo ni 4-4, kipindi cha mwisho. Will Middlebrooks wa Boston alijirusha kudaka mpira kwenye kituo cha tatu, ukampita, akabaki amelala kifudifudi. Allen Craig wa Cardinals akainuka kukimbilia kituo cha mwisho, akajikwaa kwenye mwili wa Middlebrooks. Alipofika alikuwa amechelewa, akaguswa na mpira. Kwa macho ya shabiki, katoka. Lakini mwamuzi Jim Joyce wa kituo cha tatu alikuwa ameshaonyesha kwamba mkimbiaji amezuiwa. Pointi ikahesabiwa, mechi ikaishia hapohapo, 5-4. Middlebrooks hakukusudia, alikuwa chini tu. Waamuzi walieleza baadaye kwamba kukusudia au kutokukusudia hakuhusiki. Fikiria refa wa soka anayetoa uamuzi wa namna hiyo dakika ya mwisho ya fainali, kwa kosa ambalo mkosaji wake amelala chini.

Tofauti ipo na lazima isemwe. Soka linampa mchezaji haki ya mahali aliposimama, softiboli haimpi mlinzi asiye na mpira haki hiyo kwenye njia ya mkimbiaji. Hakuna anayetaka soka lihamie huko. Cha kuazima ni jicho. Mwamuzi wa softiboli mpira ukienda kulia, kuna mwenzake anayebaki na mkimbiaji upande wa kushoto. Anaangalia mtu. Waamuzi wa soka watatu kwa pamoja, kona ikipigwa, wanausindikiza mpira hewani kama watazamaji waliolipa kiingilio.

Makocha wameshalijua hilo muda mrefu. Gareth Southgate wa kwenye vichekesho vya mitandaoni ni mtu wa suti tu, lakini Gareth Southgate halisi alikwenda Marekani mapema 2018 na kutazama mpira wa kikapu wa NBA kabla ya Kombe la Dunia la Russia. Watu wa kikapu wanajua skrini: mmoja anasimama kumzuia mlinzi, mwenzake anatoka huru. England ikaenda Russia na ule mstari wao kwenye kona, watu wanne wamepangana kama foleni ya mwendokasi, kisha wanatawanyika kila mtu na njia yake huku mabeki wakigongana wenyewe kwa wenyewe. Walifunga magoli 12 kwenye mashindano yale, tisa yakitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo. Ni akili. Hakuna wa kuwalaumu. Na kikapu chenyewe kina masharti makali: anayeweka skrini anatakiwa kutulia, akiendelea kusogea ni faulo. Kwenye soka sharti la kutulia lipo pia, ndilo lile la kuwa kwenye njia na kuingia kwenye njia. Skrini iliazimwa, filimbi yake ikaachwa Marekani.

Tangu hapo imekuwa taaluma. Arsenal walimchukua kocha wa mipira iliyokufa, Nicolas Jover, mwaka 2021, na kona zao zimekuwa tishio kuliko penalti za wengine. Aprili 2024, kwenye ushindi wao wa 3-2 nyumbani kwa Tottenham, kamera zilimnasa Ben White akichezea mkanda wa glavu za kipa Guglielmo Vicario kabla ya kona. Watu walicheka, na ilichekesha kweli. Oktoba mwaka huohuo John Stones aliipa Manchester City ushindi wa 2-1 kwa Wolves, dakika ya 95, kwa kichwa cha kona. Bernardo Silva alikuwa ameanzia pale puani mwa kipa Jose Sa. Goli lilikataliwa, refa akaitwa kwenye skrini ya VAR, likakubaliwa kwa hoja kwamba wakati Stones anapiga kichwa Silva hakuwa ameziba macho ya kipa. Uamuzi ule unaweza kutetewa kwa sheria ya kuotea. Lakini angalia mjadala wote ulikwenda wapi: kuotea, mstari wa macho, sekunde ya mwisho. Kilichofanyika kabla ya hapo, mtu kwenda kumkaa kipa mwilini, kikapita kama salamu.

Waamuzi nao wana utetezi wao, na si wa kupuuza. Boksi lina watu 16, kila mmoja kamshika mwenzake, utaanza na nani? Pili, adhabu yenyewe inawatia kigugumizi. Beki akimzuia mshambuliaji bila kumgusa ndani ya kumi na nane, ni faulo isiyo ya moja kwa moja mita chache kutoka golini, timu nzima inajazana kwenye mstari, watu wanakimbilia mpira kabla haujapigwa, fujo tupu. Refa anaona bora akaushe. Ndivyo ilivyokufa ile sheria ya kipa kukaa na mpira sekunde sita: ilikuwepo, kila mtu aliijua, adhabu yake ilikuwa hiyohiyo, hakuna aliyeipiga filimbi. Mwaka 2025 wenye sheria wakaibadili, sekunde nane na adhabu ikawa kona, refa ananyoosha mkono kuhesabu tano za mwisho, na ghafla makipa wakajifunza kuhesabu.

VAR nayo haijasaidia kama ilivyotarajiwa, na inaegemea upande mmoja bila kutaka. Goli likifungwa, inaweza kurudi nyuma kutazama kama mshambuliaji alimzuia mtu. Lakini beki akimzuia mshambuliaji bila kumgusa, hiyo si penalti, kwa hiyo VAR haina ruhusa ya kuingilia. Aliyepo uwanjani asipoona, imekwisha. Na kwenye viwanja vingi ambako soka la Afrika Mashariki linachezwa hakuna VAR yoyote, kuna refa, vibendera viwili na jua la saa kumi.

Ugumu huo wote ni wa kweli, ila unasahau kwamba kazi imewahi kufanyika. Agosti 20, 2016, msimu ukiwa ndio umeanza na waamuzi wa England wameambiwa wakaze kwenye kona, Mike Dean alikwenda Stoke na kuchezesha Stoke City na Manchester City. Kwenye kona moja Ryan Shawcross alimshika Nicolas Otamendi: penalti. Kipindi cha pili Raheem Sterling akamshika Shawcross: penalti nyingine, upande wa pili. City wakashinda 4-1. Wachambuzi walipiga kelele kwamba kwa mtindo huo kutakuwa na penalti kumi kila mechi. Hazikufika kumi. Kilichotokea ni kwamba baada ya muda filimbi zilipungua na mambo yakarudi kama zamani, kama operesheni ya trafiki dhidi ya bodaboda: wiki mbili helmeti kila kona, wiki ya tatu abiria wanne kwenye pikipiki moja.

Russia 2018 ilikuwa vilevile, ila kwa kasi zaidi. Juni 18 Harry Kane alikumbatiwa na kulazwa chini kwenye kona dhidi ya Tunisia, VAR ikiwepo, kimya. Juni 24 akakumbatiwa vilevile na Wapanama, penalti. Mashindano yaleyale, mchezaji yuleyule, siku sita. Beki anayeangalia televisheni hotelini ajifunze nini hapo?

Refa anayetaka kuimaliza habari hii hahitaji sheria mpya. Anahitaji kona ya kwanza ya mechi, dakika ya tano, wakati hakuna aliyefunga na jukwaa bado halijapandisha presha. Mpira kabla haujapigwa hana faulo ya kutoa, kwa sababu mpira haujaanza kuchezwa. Lakini ana filimbi. Asimamishe, awaite wawili, awaambie kwa lugha wanayoielewa. Wakirudia kabla ya kupigwa, kadi ya njano ipo mfukoni kwa kazi hiyo. Mpira ukipigwa, kona yenyewe aiachie mshika kibendera, yeye abaki na wale wawili. Akiona mmoja kasogea kumkata mwenzake na mpira uko mbali, apige. Apige hata kama mpira umekwenda juu ya mwamba na hakuna goli la kukataa, maana refa anayesubiri goli lifungwe ndipo akumbuke kosa anaonekana mwizi, hata akiwa sahihi.

Na afanye hivyo kwa pande zote mbili. Hapo ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu kipa akizuiwa faulo inatolewa haraka, karibu kila mguso kwa kipa ni faulo, lakini beki akimkata mshambuliaji anayekwenda kwenye nguzo ya pili hakuna anayemwona. Kama ilikuwa kwa bega, ni penalti na iandikwe. Kama hakumgusa, basi mkono juu, faulo isiyo ya moja kwa moja, mpira kwenye mstari wa boksi dogo kama kosa lilitokea mlemle ndani. Watu 11 watajazana golini, nahodha atakuja kulia, mpigaji atauliza mara tatu kama anaruhusiwa kupiga moja kwa moja. Waache wajipange.